Mchezo na Lugha katika Kisomo cha Mulongwe

Kabla Mulongwe haijawa mtaa wa mji wa Uvira, na kabla shule ya kwanza haijasimamishwa kwenye ufuo huo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, Kiswahili kilikuwa kimekwisha wasili pamoja na wafanyabiashara waliovuka kutoka Ujiji. Kwani wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 waliikuta tayari ndiyo kikomo cha safari za wafanyabiashara hao upande wa kaskazini.

Shule zilikuja baadaye kwa mikono ya wamisionari, waliopewa ardhi kwa sharti la kufundisha katika mapatano ya mwaka 1906 baina ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Vatikani. Aghalabu ufundishaji ulikuwa wa kuimba silabi kwa pamoja mbele ya ubao, ilhali mchezo uliachwa uani, kana kwamba ni adui wa elimu. Walakini silabi zile, katika shule nyingi za mashariki ya Kongo, zilikuwa za Kiswahili, na mtoto aliweza kuzitambua.

Msiba ulizidi mwaka 1962, serikali ya Kongo huru ilipoamrisha Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tangu hapo mtoto wa Mulongwe, ajuaye kubishania bei ya ndagala, yaani dagaa, sokoni kwa ufasaha, alinyamazishwa darasani. Wala urejesho wa lugha za taifa katika miaka ya sabini haukudumu.

Hapa, katika lugha aijuayo mtoto, ndipo ilipo siri ya michezo ya kusomea. Mtoto akipewa vikaratasi vitatu vya neno samaki, SA, MA na KI, akavipanga vibaya, hahitaji fimbo wala mwalimu kumwambia amekosea, maana sikio lake lamhukumu, naye hucheka na kupanga tena. Lakini lau neno hilo ni geni kwake, hana cha kubahatisha, na mchezo hugeuka mtihani. Tanga, Tanzania, nguvu ya kujifunza kwa mchezo ilidhihirika: watoto wa vijiji vipatavyo 170, wengi wao wasiopata kuingia darasani, walijifunza kwa michezo ya Kiswahili iliyotiwa katika kompyuta za mkononi, na mwaka 2019 waundaji wawili wa michezo hiyo, onebillion na Kitkit School, wakagawana tuzo ya dola milioni 10.

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 imekwisha ruhusu lugha za taifa zifundishie. Kwa hiyo mwalimu wa Mulongwe asiye na kompyuta hata moja anaweza kuanza kwa mkasi na boksi kuukuu, mradi maneno atakayoyakata yawe ya Kiswahili.