Kibuyu, Nguzo na Upepo

Kwetu kibuyu ni chombo cha maji na maziwa. Katika Amerika ya Kaskazini kimekuwa pia nyumba ya ndege, na katika insha hii ninaeleza jinsi nyumba hiyo ilivyoleta deni.

Mbayuwayu wa zambarau hapo zamani alitaga katika matundu ya miti. Mwanzoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa ndege Alexander Wilson aliandika kwamba Wachoctaw na Wachickasaw walikata matawi ya mti mchanga karibu na makazi yao, wakabakiza vishina vya kutundikia vibuyu. Kibuyu ni chepesi, nacho hubembea upepo ukivuma. Walowezi wakajenga nyumba za mbao zenye vyumba vingi juu ya nguzo. Lakini nyumba pana hushika upepo kama tanga, na nguzo ya mti huoza pale inapoingia ardhini. Katika miaka ya 1960, mji wa Griggsville, Illinois, ulijulikana kwa kutengeneza nyumba nyepesi za alumini. Siku hizi mlingoti wa chuma husimikwa kwa zege, na nyumba hushushwa wima kwa kamba na kapi, kwa sababu mlingoti unaolazwa ubavu humwaga mayai.

Mashariki ya Milima ya Rocky, karibu mbayuwayu hawa wote sasa hutegemea nyumba za watu. Kwa hiyo nguzo ikiangushwa na dhoruba, makinda yakafa, mimi siulaumu upepo peke yake. Aliyemzoesha ndege kuacha mti hana budi kuikaza nguzo.