Silaha Ndogo, Deni Kubwa: Habari za Bastola na Bunduki Ufukoni mwa Ziwa Nyanza

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo, chenye kuingia mfukoni, lakini historia yake katika pwani hii ya ziwa ni ndefu. Kitu hicho ni bastola, pamoja na ndugu yake mkubwa, bunduki.

Mtu atokaye mjini Mwanza kwenda kiwanja cha ndege hupita Pasiansi, mahali palipo kati ya ziwa na vilima vya mawe. Hapo pana chuo cha askari wa wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1966. Vijana hufundishwa humo kazi ya kulinda wanyama wa nchi, na matumizi ya silaha ni sehemu ya mafunzo yao. Kila askari ajua kwamba silaha isiyosafishwa ni mzigo tu begani. Lakini raia anunuaye bastola ya kujilinda mara nyingi hudhani kwamba akiisha kulipa bei, kazi imekwisha. Sisi twasema kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Wala hatusemi hayo kwa kubahatisha, kwani watu wa Nyanza walikwisha kuyajifunza kwa hasara kubwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Tuanze na mgeni mmoja. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akitoka Tabora, akaliona ziwa hili. Hakukaa sana, akarudi. Safari yake ya pili alipita magharibi ya ziwa, akafika Buganda katika Februari 1862, akamletea Kabaka Mutesa zawadi. Katika zawadi hizo zilikuwamo bunduki moja nzuri ya Whitworth, bunduki fupi tatu, na bastola moja ya kuzunguka. Tena palikuwa na sanduku la baruti na viasi, sanduku la risasi, na sanduku la fataki. Twaomba mkumbuke masanduku hayo matatu, kwa maana tutayarudia.

Baada ya siku chache, Mutesa akataka kuona kazi ya silaha zile. Wakaletwa ng'ombe wanne. Speke akaiazima bastola ile ile aliyomtunukia mfalme, akawapiga wote upesi upesi. Na wa nne alipomgeukia kwa ukali hali amejeruhiwa, akammaliza kwa risasi ya tano. Watu wakastaajabu. Ndipo Mutesa akashindilia bunduki fupi moja kwa mkono wake, akampa mtoto mtumishi wa baraza, akamwamuru atoke nje akampige mtu. Mtoto akaenda, akarudi na furaha, akasema amekwisha. Speke mwenyewe ameandika kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1863. Sisi hatuwezi kukisoma bila kumfikiria mtu yule aliyekuwa uani siku ile, ambaye jina lake halikuandikwa. Silaha ilifika na masanduku yake yote, bali haikuja na sheria ya kumzuia aliyeishika.

Sasa tutazame bastola za zamani zile zilikuwa za namna gani. Bastola ya kuzunguka ilikuwa na gurudumu la chuma lenye matundu matano au sita. Nyingi za wakati ule hazikutumia viasi vya shaba kama vya leo. Mwenyewe alitia baruti katika kila tundu, akashindilia risasi juu yake, kisha akaweka fataki moja nyuma ya kila tundu. Kama risasi haikukaza vema, moto wa tundu moja uliweza kurukia la pili, na zote zikalipuka pamoja mkononi mwake. Tena baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi hayo huvuta unyevu wa hewa na kuleta kutu upesi. Kwa hiyo ilimpasa mwenye bastola kuiosha kwa maji ya moto siku ile ile aliyoipiga, kuikausha vema, na kuipaka mafuta kila pembe. Katika nchi ya ziwa, ambako mvua ni nyingi na umande wa asubuhi ni mzito, kulala siku mbili bila kuisafisha kulitosha kuiharibu. Na fataki zikiingia maji, silaha yote ilikuwa kipande cha chuma tu.

Bunduki ya gumegume, aliyoijua mtu wa kawaida, ilikuwa mbaya zaidi kwa sura, lakini ilimsamehe mwenyewe mambo mengi. Haikuhitaji fataki, ila jiwe. Jiwe likibutuka, lilichongwa tena. Risasi ikikosekana, vipande vya chuma viliweza kutiwa. Ndiyo sababu gobori liliendelea kuishi vijijini muda mrefu baada ya silaha nzuri zaidi kuvumbuliwa. Mkulima mwenye kuchagua gobori hakuwa mjinga. Alichagua kitu alichoweza kukilisha.

Je, silaha hizo zilifikaje huku? Nyingi zilitengenezwa Ulaya, katika miji kama Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji, au zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi yaliyokwisha kupata mpya. Zilishuka Unguja, zikavuka mpaka pwani ya bara, zikachukuliwa vichwani na mabegani hata Tabora, na kutoka Tabora zikaja kusini mwa ziwa, mahali kama Kageye katika nchi ya Magu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja aliandika kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia bara zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nazo zilinunuliwa kwa nini? Zilinunuliwa kwa pembe za ndovu, na zilinunuliwa kwa watu. Mtemi aliyetaka baruti alipaswa kupata pembe. Pembe zikipungua, alitazama mateka. Na ili apate mateka, alihitaji baruti tena. Hilo ndilo deni tulilolitaja katika jina la mazungumzo haya. Bunduki ililipwa mara moja, baruti ililipwa kila mwaka, na waliolipishwa walikuwa jirani.

Mmoja katika wafanyabiashara wa silaha ajulikanaye sana ni Charles Stokes, mtu wa Ireland. Alikuja Afrika ya Mashariki na misheni ya CMS mwaka 1878, kisha akaiacha, akawa mwenye misafara, akaoa katika ukoo wa watemi wa Usongo. Kabaka Mwanga alipoondolewa katika kiti mwaka 1888, alikimbilia Magu, na baadaye akapokewa na mapadre wa Kifaransa huko Bukumbi, si mbali na Mwanza. Mwaka 1889 Stokes alimchukua katika mashua yake kumrudisha kwao, na bunduki na baruti za Stokes zikasaidia upande wa Mwanga katika vita vile. Mwisho wa Stokes ulikuwa mbaya. Afisa wa Dola ya Kongo, jina lake Lothaire, alimshitaki kwa kuwauzia adui silaha, akamnyonga tarehe 15 Januari 1895. Kesi yake ilileta makelele makubwa Ulaya.

Lakini twapenda kuwataja pia watu ambao historia huwapita haraka, nao ni mafundi. Bunduki ikivunjika kamani, yaani chuma kile kinachorusha nyundo, au kitako kikipasuka, haikuwezekana kuirudisha Liège. Wahunzi wa nchi za ziwa walikuwa hodari tangu zamani. Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo walijua kuyeyusha chuma kutoka katika mawe, na majembe yao yalikwenda mbali. Ujuzi wa namna hiyo ulipokutana na bunduki, ulizaa mafundi wa silaha. Huko Buganda, fundi Kisule alijifunza kwa Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa fundi wa mitambo. Lugard, katika kitabu chake cha mwaka 1893, alimsifu Kisule kwamba aweza kutengeneza kamani mpya na kuponya bunduki iliyoharibika kwa kazi safi; tena alisema vitako vilivyochongwa na mafundi wa Buganda vilikuwa vigumu kupambanuliwa na vya mafundi wa London. Twaona basi kwamba silaha ilidumu kwa akili ya mhunzi kuliko kwa ushujaa wa mpigaji.

Hata hivyo fundi hakuweza kila kitu. Aliweza kuponya chuma na mti, lakini fataki na viasi vilitoka ng'ambo tu. Hapo ndipo tunapoyarudia masanduku matatu ya Speke. Aliye na ufunguo wa masanduku yale ndiye aliyekuwa bwana wa bunduki, hata kama bunduki ilikuwa nyumbani mwa mwingine. Wala wingi wa silaha haukuwa kinga. Katika Desemba 1877, wamisionari Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe pamoja na mfanyabiashara Songoro, ijapokuwa walikuwa na bunduki. Na Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekuwa na silaha nyingi na boma imara huko Tabora, alipoona Wajerumani wamekwisha kuingia, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe. Ghala aliyoijaza kwa miaka mingi ndiyo iliyomwangamiza.

Mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Katika mapatano hayo yalikuwamo mashauri ya silaha kwa nchi zote za Afrika zilizo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Silaha zilipaswa kuwekwa katika ghala za serikali. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliweza kuuzwa mahali palipoonekana salama, lakini silaha za kisasa zilikatazwa, ila kwa mtu aliyeaminiwa kwamba hatampa mwingine. Mtu huyo alipewa cheti chenye jina lake na alama iliyopigwa juu ya silaha yake. Cheti kilidumu miaka mitano, kiliweza kupewa upya, na kiliweza kunyang'anywa akikitumia vibaya.

Haifai tufiche ukweli wa pande mbili. Mapatano yale yalikuwa na wema, kwa kuwa bunduki zilikuwa mguu mmoja wa biashara ya watumwa. Lakini yalikuwa na dhuluma pia, kwa kuwa Mwafrika aliachiwa gumegume wakati ule ule mizinga ya Maxim ilipokuwa ikiletwa kuitawala nchi yake. Waliopatana Brussels hawakumwita mtemi hata mmoja wa Nyanza kutoa shauri lake. Hata hivyo, ile kanuni ya kwamba kila silaha iwe na jina la mtu na alama yake, imebaki kuwa kanuni njema.

Wakati huo mafundi wa Ulaya walikuwa wakiipunguza bastola ukubwa. Kiwanda cha FN huko Herstal, karibu na Liège, kilitengeneza bastola za Browning, bapa na nyepesi, zenye kufichika katika mfuko wa koti. Bastola ya kiwanda hicho, ya mtindo wa mwaka 1910, ndiyo iliyomwua mrithi wa kiti cha Austria mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Vita vikuu vikafuata, na katika Julai 1916 Waingereza wakauteka mji wa Mwanza kutoka mikononi mwa Wajerumani. Watu wa ufuko huu, ambao hawakujua Sarajevo iko wapi, walichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo.

Leo Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hapana mtu aruhusiwaye kumiliki silaha pasipo leseni. Zaidi ya hayo, nchi za Afrika ya Mashariki na jirani zake zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi mwezi wa Aprili 2004, ambayo yataka silaha zipigwe alama na kuandikwa. Safari hii waliokaa mezani walikuwa wenyewe, na hilo ni jambo kubwa.

Basi, wasikilizaji wetu, mtu akitaka kununua bastola ndogo, ajiulize kwanza maswali waliyoulizwa na wakati watu wa zamani. Je, jina lake litaandikwa katika cheti? Je, ataitunza? Kwani silaha ya mfukoni hupata jasho na vumbi kila siku, na kutu haichagui miaka. Je, itafungiwa mahali gani, hata mtoto wa nyumba asiifikie, kama yule mtoto wa baraza la Mutesa aliyepewa bunduki tayari kupigwa? Na tena, akiisha kuyajibu hayo yote, aulize kama haja yake haiwezi kutimizwa na mlango imara, taa ya uani, na ujirani mwema.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa habari ya bastola, ufa ni uzembe mdogo wa kila siku, na ukuta wake huenda ukawa kaburi. Mwenye silaha na aizibe nyufa zake mapema. Na asiyeweza, asione haya kukaa bila hiyo. Kwaherini.