Mota ya umeme na betri za mashua ya uvuvi: mambo ya kujua kabla ya kununua na kuvusha

Mota ya umeme ya mashua ni mashine ndogo inayofungwa mbele au nyuma ya chombo na kuzungusha pangaboi kwa nguvu ya betri. Haina kelele wala moshi. Historia yake inaanzia mwaka 1934 mjini Fargo, Marekani, O. G. Schmidt alipochukua starta ya gari la Ford na kuifungia mhimili na pangaboi.

Katika maziwa yetu mota hii inafaa mashua ndogo za ndoano, za watalii wanaovua na za kukagua vizimba vya samaki. Haichukui nafasi ya injini ya petroli. Mota ya volti 12 inayokula ampea 50 inatumia wati 600, wakati nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Injini ya farasi 15 inayosukuma mtumbwi wa dagaa usiku ni jambo jingine kabisa. Muuzaji asimwahidi mvuvi yasiyowezekana.

Wengi wanaobadilisha mota hupata hasara kwa sababu hununua mota peke yake. Mota, betri, waya, fyuzi na chaja ni mzigo mmoja: kimoja kikibadilika, vingine navyo huguswa.

Ukubwa wa mota

Nguvu ya msukumo hupimwa kwa ratili. Kanuni ya kawaida ni ratili 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za uzito wa chombo, pamoja na watu na mizigo. Mashua ya kilo 900 inahitaji angalau ratili 40. Palipo na upepo na mawimbi, kama Ziwa Victoria au Tanganyika, ni heri kuchukua ratili 55.

Mota za volti 12 huishia kwenye ratili 55 hivi. Za ratili 70 hadi 80 hutumia volti 24, na za ratili 100 na zaidi hutumia volti 36. Hivyo, anayepanda kutoka ratili 55 hadi 80 anatakiwa kuwa na betri mbili badala ya moja.

Bidhaa iliyotengenezwa kwa maji baridi isiuzwe kwa wavuvi wa pwani. Maji ya chumvi huila haraka.

Betri ipi?

Betri ya gari, kama N70, imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Ikitumika kuendesha mota kwa saa nzima kila siku, hufa mapema. Mota inahitaji betri ya kuchajiwa na kutumiwa taratibu, ile ambayo madukani wengi huiita betri ya sola.

Betri ya asidi ya Ah 100 ina uzito wa kilo 27 hadi 30, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Ya lithiamu (LiFePO4) yenye Ah 100 ina kilo 11 hadi 13, na inaweza kutumiwa asilimia 80 au zaidi. Kwa mota inayokula ampea 50, ya asidi itatoa chini ya saa moja kwa kasi ya mwisho. Ya lithiamu itatoa saa moja na nusu hivi. Mvuvi akipunguza kasi, muda unaongezeka sana.

Kwa mota ya volti 24, betri mbili za asidi ni karibu kilo 60, uzito wa mtu mmoja. Za lithiamu ni kilo 25 hivi. Bei ya lithiamu ni kubwa, lakini hudumu kwa chaji nyingi zaidi.

Kuunganisha

Betri mbili za volti 12 zikiungwa chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hutoa volti 24. Zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hubaki volti 12 lakini Ah huongezeka maradufu. Zote mbili ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Betri mpya haiungwi na kuukuu.

Kwa ampea 50, waya wa milimita za mraba 16 unafaa. Mwembamba hupata moto. Fyuzi au kikata umeme cha ampea 60 kikae karibu na betri. Chaja ya asidi isitumike kwa lithiamu kama haina sehemu ya kuchagua aina hiyo.

Mpakani na njiani

Betri zote ziko kwenye kundi la forodha namba 8507: 8507.10 ni za asidi za kuwashia injini, 8507.20 ni za asidi za aina nyingine, na 8507.60 ni za lithiamu. Kuandika "vipuri vya mashua" kwenye hati ni kukaribisha ukaguzi na faini.

Betri za asidi zinazotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kunufaika na cheti cha asili. Kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya biashara ndogo, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hutumia cheti kilichorahisishwa. Betri iliyotoka nje ya Jumuiya haipati nafuu hiyo, hata kama imenunuliwa Nairobi au Kampala.

Msafirishaji azijue namba za mizigo ya hatari: UN 2794 kwa betri zenye asidi ya maji, UN 2800 kwa zisizomwagika, na UN 3480 kwa lithiamu. Tangu Aprili 2016, mzigo wa UN 3480 hauruhusiwi kwenye ndege za abiria. Muuzaji adaiwe pia muhtasari wa majaribio ya UN 38.3. Kwenye lori, betri zisimame wima, vichwa vifunikwe, zisichanganywe na chakula.

Betri kuukuu za risasi ni taka ya sumu. Chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, hazivushwi bila idhini ya maandishi ya nchi zinazohusika. Anayezikusanya visiwani na mialoni azipeleke kwa mnunuzi mwenye leseni ndani ya nchi yake.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe mambo matano: uzito wa chombo, volti za mota, aina ya betri, unene wa waya na chaja inayolingana. Kisha hati za mzigo ziandaliwe kabla gari halijaondoka.