Sindano ya Uso: Tiba au Pambo?



Siku hizi, kutoka Dar es Salaam na Nairobi hadi Dubai, iko sindano inayopigwa usoni ili kujaza mashavu, kunenepesha midomo na kuondoa makunyanzi. Wauzaji huisifu kama jambo jipya. Kwa hakika ina historia ya zaidi ya miaka 130, na yafaa mtu wa nyumbani kwako aijue kabla hajaukabidhi uso wake.

Tuanze na dini yetu. Twasoma habari za Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijifanyia pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ama hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inawataja kwa laana wenye kuchora ngozi kwa sindano na wenye kuchorwa, wanaobadili umbo la Mwenyezi Mungu kwa kutafuta uzuri. Basi jua kwamba iko milango miwili: kurudisha kilichoharibika, na kutoridhika na kilicho kizima.

Sindano hii iliingia kwa mlango wa kwanza. Mwaka 1893 daktari wa Kijerumani, Neuber, alichukua mafuta ya mkono wa mgonjwa akajazia kovu la usoni. Mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna akaanza kutumia sindano ya nta ya parafini. Nayo ilianza kama tiba, lakini haukupita muda ikakimbiliwa na wenye nyuso nzima. Gladys Deacon, mrembo wa Kimarekani aliyeolewa na Duke wa Marlborough mwaka 1921, alikuwa ametiwa nta hiyo puani tangu ujana wake. Nta ikateremka hadi kidevuni, na uzuri uliosifiwa Ulaya nzima ukaharibika.

Baada ya nta ikaja silikoni ya maji, ambayo huhama mahali pake na kuleta uvimbe mgumu hata baada ya miaka mingi. Mwaka 1981 Marekani iliruhusu kolajeni itokayo katika ngozi ya ng'ombe, na mwaka 2003 asidi ya hayaluroni, ambayo ndiyo imeenea leo. Kila kitu kilisifiwa kwanza, na madhara yake yakaonekana baadaye.

Sasa twende Rulenge, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Msomaji wa pwani atauliza: milima ile ina uhusiano gani na sindano za warembo? Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Serikali ilipoanza kutoa dawa bure mwaka 2004, mojawapo ilikuwa stavudini. Dawa hiyo iliokoa roho za watu wengi, lakini baadhi ya walioitumia kwa muda mrefu iliwamaliza mafuta ya mashavu, hata jirani akimtazama mtu akausoma ugonjwa wake usoni. Mwaka huohuo wa 2004, Marekani iliruhusu sindano ya kujaza mashavu ya wagonjwa wa namna hiyo hasa. Lakini bei yake ilikuwa kubwa, nayo haikuwa miongoni mwa dawa za bure. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri stavudini iachwe.

Hebu pima, ndugu yangu. Mtu aliyeliwa mashavu na dawa, akatamani kutembea sokoni bila kunyooshewa kidole, haja yake yafanana na ya Arfaja. Usimcheke. Lakini mwenye uso mzima, anayelipa ili afanane na picha aliyoiona, anasimama mlango gani?

Basi kabla ya sindano, uliza mambo manne. Kwanza: ni tiba au ni pambo? Kamuulize mwanachuoni unayemwamini. Pili: kilichomo ni nini, na asili yake ni ipi? Imewahi kuuzwa kolajeni ya nguruwe. Tatu: anayepiga ni daktari aliyesajiliwa? Dawa ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuuziba, ngozi ikafa au jicho likapofuka. Asidi ya hayaluroni huweza kuyeyushwa. Anayepiga awe na dawa hiyo ya kuyeyushia mkononi. Silikoni haiyeyuki. Nne: itadumu muda gani? Nyingi huisha baada ya miezi kadhaa, na gharama huanza upya. Na akishapigwa, akiona ngozi inageuka nyeupe, maumivu makali au macho kufifia, akimbizwe hospitali saa ileile.

Uso ni amana. Aliyeharibikiwa na atafute dawa, kwani dawa ni ruhusa. Mwenye afya na ashukuru, na wazee tusiwadharau binti zetu kwa sura zao, maana wengi huipeleka sindanoni kasoro waliyoambiwa nyumbani.

Wabillahi tawfiq.