Vyama vya Wananchi na Umoja wa Afrika ya Mashariki

  Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Afrika ya Mashariki ukutani. Mwanafunzi mmoja asimame, aweke kidole penye Mto Kagera, mahali panapoitwa Murongo. Ng'ambo ya pili ni Kikagati, katika nchi ya Uganda. Kidole kibaki hapo kidogo.

Sasa fikirini habari ya mkulima mmoja wa Kyerwa. Ana magunia manne ya kahawa ya maganda. Akiipeleka katika chama chake cha msingi, itapimwa, ataandikiwa stakabadhi, kisha atangoje mnada na malipo. Ng'ambo ya mto yuko mnunuzi mwenye fedha mkononi leo hii, na nyumbani mtoto hana sare ya shule. Mkulima huyo akivusha kahawa yake usiku kwa mtumbwi, huo ni magendo, na akikamatwa ataipoteza yote. Akikaa akingoja, pengine atamwendea mwenye fedha na kumwuzia kahawa ingali maua mtini, yaani butura, kwa bei ya hasara. Lakini huambiwa pia kwamba Tanzania na Uganda ni nchi za Jumuiya moja, zenye Soko la Pamoja tangu mwaka 2010. Basi mkulima huuliza: Masharti haya yametungwa na nani, nami nilikuwa wapi yalipotungwa?

Swali hilo ni la haki, na ndilo somo letu. Nchi zinapoungana, wanaotia sahihi ni wakuu wa serikali. Je, vyama vya wananchi, kama vile vyama vya ushirika, vya wafanyakazi, vya wakina mama, vya wakulima, vinaweza kufanya nini? Siku hizi vyama vya namna hii vyote pamoja huitwa asasi za kiraia. Mkilisikia jina hilo msishtuke. Maana yake ni watu waliojikusanya kwa hiari yao, wala si serikali, wala si duka la mtu mmoja.

Turudi nyuma. Umoja wa kwanza wa nchi zetu ulikuwa umoja wa kuletewa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitawala Kenya, Uganda na Tanganyika, na wengine kati yao walitaka nchi hizi tatu ziunganishwe chini ya mkuu mmoja. Masetla wa Kenya waliupenda mpango huo wakitumaini kwamba wao ndio watakaokuwa na nguvu. Waafrika waliogopa jambo hilo hilo. Mwaka 1931 Kamati ya Bunge la Uingereza iliita mashahidi waende London. Kutoka Tanganyika walikwenda watu watatu: Mtemi Makwaia wa Usukuma, Bwana Martin Kayamba wa Tanga, na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba. Naam, mtu wa mkoa wenu huu alikuwa mmoja wao. Kutoka Uganda alikwenda Bwana Serwano Kulubya wa Buganda. Kamati ilipokwisha kusikiliza watu wa pande zote ilisema kwamba wakati wa kuunganisha nchi hizo haujafika, na mpango ukawekwa kando.

Lakini nisiwapambie historia. Mashahidi wale watatu wa Tanganyika waliteuliwa na serikali, hawakuchaguliwa na watu. Vyama vya wananchi vilikuwapo, ila vilikuwa bado vichanga. Bukoba kilikuwapo Chama cha Wahaya tangu 1924, ambacho Bwana Klemens Kiiza alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Yeye ndiye baadaye aliyewakusanya wakulima wa kahawa wauze pamoja. Dar es Salaam kilikuwapo Chama cha Waafrika, kilichoanza mwaka 1929. Hayo ndiyo mashina ya sauti ya wananchi katika nchi yetu.

Umoja uliendelea kujengwa kidogo kidogo: Halmashauri Kuu ya mwaka 1948, kisha Shirika la Huduma za Pamoja la mwaka 1961, kisha Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967. Wazee darasani wanaikumbuka. Reli ilikuwa moja, posta moja, ndege moja, bandari moja. Mwaka 1977 Jumuiya hiyo ilivunjika. Mwaka uliofuata askari wa Idi Amin walivuka mpaka, na daraja la Kyaka, njia yenu ya kwendea Bukoba, likabomolewa. Mwenye umri wa kutosha na awasimulie wenzake baada ya kipindi. Mimi nitasema neno moja tu. Jumuiya ile ilikuwa mali ya maofisa na marais. Marais walipogombana, hapakuwa na chama cha wakulima wala cha wafanyabiashara kilichoweza kusimama kati na kusema, Ngojeni kwanza, huu ni mkate wetu.

Maneno haya si yangu peke yangu. Serikali zenyewe zimeyakiri. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Katika utangulizi wake zimetajwa sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza, na mojawapo ni kwamba vyama vya wananchi na watu wa biashara hawakushirikishwa vya kutosha. Kwa hiyo mkataba mpya unaagiza kwamba Jumuiya iwe ya watu. Wekeni alama katika daftari zenu. Mtu akiwaambia kwamba mambo ya Jumuiya ni ya wakubwa, mjibuni kwamba mkataba wenyewe unakataa.

Je, agizo hilo lilifuatwa? Tutazame jambo moja kwa makini, maana linawahusu ninyi mnaoishi mpakani. Mwaka 2004 marais waliunda kamati chini ya Bwana Amos Wako wa Kenya ili itafute njia ya kuharakisha shirikisho. Shirikisho maana yake ni nchi kadhaa kuwa chini ya serikali moja kuu. Baadaye kila nchi iliulizwa. Hapa Tanzania kazi ilipewa kamati ya Profesa Samuel Wangwe, ikazunguka mikoani kusikiliza watu. Kenya na Uganda wengi walikubali kuharakisha. Watanzania walio wengi sana walisema hapana: hatuukatai umoja, tunaikataa haraka. Na walipoulizwa sababu, neno lililorudi mara kwa mara lilikuwa ardhi.

Viongozi walipokutana Arusha mwezi wa Agosti 2007 waliacha ile haraka. Wakashika njia ya hatua kwa hatua: forodha kwanza, soko baadaye, fedha moja, ndipo siasa. Tena mapatano ya Soko la Pamoja yalipotiwa sahihi Novemba 2009, jambo la ardhi liliachwa lifuate sheria za kila nchi. Ndiyo sababu mtu wa ng'ambo ya Murongo anaweza kuja kuuza na kununua, lakini hawezi kuja Kyerwa akajipatia shamba kama raia kwa kuwa tu ni mwana-Jumuiya. Sharti hilo halikutoka katika hewa. Lilitokana na watu waliosimama mikutanoni wakasema.

Wapo wanaosema Watanzania tulikuwa waoga. Kwa maoni yangu hofu ya ardhi ilikuwa na haki, ila ilichanganyika na hofu nyingine isiyo na sababu. Mnyambo na Mnyankole husikilizana kwa lugha, huoana, na walikuwa majirani kabla Waingereza na Wajerumani hawajakata mpaka katika mapatano yao ya mwaka 1890. Chama cha wananchi kizuri hutenganisha hofu hizo mbili kabla ya kusema.

Tusidhani jambo hili ni la Afrika tu. Ulaya nako ziko nchi zilizoungana, na ziko zilizobaki nje kwa sababu ya vyama vya wananchi. Norway ni nchi ya baridi kaskazini, yenye wakulima wadogo na wavuvi. Serikali yao ilitaka kuingia katika umoja wa Ulaya. Wakulima waliona kwamba chakula cha bei rahisi kutoka kusini kitawaua, na wavuvi waliona kwamba bahari yao itavuliwa na wageni. Wakaunda matawi vijijini, wakachapa karatasi, wakafanya mikutano. Mwaka 1972 kura ya maoni ilipigwa: katika kila watu mia, 53 na zaidi walikataa. Mwaka 1994 wakaulizwa tena, wakakataa tena, 52 na zaidi katika mia. Lakini hawakujifungia ndani: Norway inafanya biashara na Ulaya kwa mapatano maalumu. Watu wale walijua wanachokataa na wanachokitaka.

Sasa sauti hupita wapi? Liko Bunge la Afrika ya Mashariki, Arusha. Kila nchi hupeleka wabunge tisa waliochaguliwa na Bunge lake. Mwaka 2015 Bunge hilo lilipitisha muswada wa vyama vya ushirika vya nchi zote za Jumuiya, na waliousukuma muswada huo tangu mwanzo ni wakulima wenyewe, kwa njia ya Shirikisho lao la Afrika ya Mashariki lenye ofisi Nairobi. Muswada kupita si mwisho wa safari, kwa maana marais wote lazima wakubali ndipo uwe sheria. Wakulima walijifunza kwamba kazi ni ndefu.

Iko pia Mahakama ya Jumuiya. Mwaka 2010 chama kimoja cha Nairobi cha kutetea wanyama kiliishitaki serikali ya Tanzania kwa sababu ya mpango wa barabara ya lami kupita kaskazini ya Serengeti. Mwaka 2014 Mahakama iliizuia barabara hiyo. Watu wa Mara waliokuwa wakiingoja hawakufurahi, nanyi mnaweza kubishana darasani kama chama cha Nairobi kilistahili kuwazuia. Lakini angalieni: mkazi ye yote wa nchi za Jumuiya anaweza kwenda katika Mahakama hiyo, sharti afike ndani ya miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu alipolijua. Wengi hupoteza haki kwa kuchelewa.

Kwenu Karagwe na Kyerwa kipo chombo tayari. Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, yaani KDCU, kilianza mwaka 1990, na vyama vya msingi vimo vijijini mwenu. Vyama hivi hukusanya kahawa na kuiuza mbali hata Ulaya. Je, vimewahi kupeleka Arusha neno la mkulima wa magunia manne? Swali hilo mwulizeni mwenyekiti wenu katika mkutano mkuu, kwa heshima, tena kwa sauti ya kusikika. Na ninyi akina mama wenye kuvusha maharage na ndizi, Jumuiya ina cheti chepesi cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, kama bidhaa imo katika orodha. Ulizeni habari zake pale forodhani.

Mwalimu, sasa unaweza kuondoa ramani. Kazi ya wiki hii ni hii. Kila darasa liandike barua ya mistari kumi kwa chama chake cha msingi, likitaja sharti moja la mpakani linalowaumiza, na sababu yake, na mnachotaka kiwekwe mahali pake. Asiyeweza bado kuandika mistari yote aandike jina lake chini, kwa mkono wake mwenyewe. Wiki ijayo tutazisoma barua hizo pamoja. Kwaherini.