Mtambo Uliozimika Peke Yake

Watu wa Murera ni majirani wa umeme tangu zamani. Maji ya Mto Ruiru yalitiwa kazini mapema kuupatia mji wa Nairobi nguvu za umeme, na mwaka 1925 mtambo wa Ndula ukaanza kazi karibu na Thika. Lakini ujirani si udugu: siku nyingine umeme hurudi ulikotoka bila kuaga. Aliye na taa huvumilia. Aliye na kompyuta hupata hasara, kwa maana kompyuta ikikosa nguvu hata kwa kufumba na kufumbua hupoteza yote iliyokuwa ikiyafikiri, ikaanza upya kama mtu aliyezinduka usingizini.

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja hapa Murera, kabla sijahamia chuo cha ualimu, tulikuwa na chumba cha kompyuta 20, zote zikisimamiwa na kompyuta kubwa moja tuliyoiita Mama. Karibu kila asubuhi, baina ya saa nne na saa tano, Mama alizimika ghafula, akawaka tena mwenyewe, na ruta iliyotuunganisha na intaneti ikapoteza njia kwa dakika kadhaa. Fundi alibadilisha waya, haikufaa kitu. Ndipo mimi, kwa haraka ya mwenye hasira, nilipomshika kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekaa karibu na swichi, nikamfukuza chumbani kwa majuma mawili. Sikuwa na ushahidi ila kwamba alikuwa karibu. Nitarudi kwa kijana huyo. Kwanza na tutazame jinsi watu wenye elimu kunishinda walivyolikabili jambo kama hilo.

Yapasa kufahamu kwamba si kila mtambo ujizimao una ugonjwa. Mingi imewekewa mlinzi, yaani saa ndogo ambayo kompyuta sharti iiguse kila baada ya muda mfupi, kama askari wa zamu apigaye kengele kuonyesha kwamba hajalala. Kengele isiposikika, mlinzi huikata kazi yote na kuianzisha upya. Kompyuta ya chombo cha Apollo, kilichowafikisha watu mwezini mwaka 1969, ilikuwa na mlinzi wa namna hii, na wahandisi walimwita Mlinzi wa Usiku. Mlinzi huyo hajui kosa ni la nani. Ajua tu kwamba kengele haikulia.

Tarehe 4 Julai 1997 chombo kingine cha Marekani, kiitwacho Pathfinder, kilitua juu ya sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye, kilipokuwa kikikusanya habari za hali ya hewa, kikaanza kujizima na kujiwasha. Habari zilizokwisha kukusanywa hazikupotea, ila kazi iliyobaki ya siku ile iliahirishwa hadi kesho yake. Hakuna fundi awezaye kuweka ngazi hata Mirihi. Wahandisi wa Pasadena, California, walikuwa na pacha wa kompyuta hiyo katika maabara yao. Wakamtumikisha kwa kazi zile zile, huku kila hatua ikiandikwa, mpaka naye akazimika mbele ya macho yao. Hapo wakayasoma maandishi kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kosa lilikuwa katika kupokezana zamu. Tuseme mtumishi mdogo amechukua ufunguo wa ghala. Mkubwa wa kazi anauhitaji ufunguo huo, anangoja mlangoni. Mara anatokea mtumishi wa cheo cha kati, asiye na haja ya ghala kabisa. Anamsimamisha mdogo kwa kuwa amemzidi cheo, naye anaendelea na shughuli zake ndefu. Mdogo hawezi kumaliza na kuurudisha ufunguo; mkubwa hapati kuingia; mlinzi anaona kwamba kazi ya mkubwa haikutimia kwa wakati, anafunga ofisi nzima na kuifungua upya. Katika Pathfinder mtumishi mdogo alikuwa ni kazi ya kupima hali ya hewa. Dawa ilikuwa kanuni moja: ashikaye ufunguo unaongojewa na mkubwa apewe cheo cha mkubwa mpaka aurudishe. Amri hiyo ikapelekwa kwa mawimbi ya redio, na chombo kikatulia. La kushangaza ni kwamba dosari hiyo iliwahi kuonekana hapa duniani kabla ya safari, lakini walipoitafuta haikujirudia.

Kwetu Kenya tunao mfano ulio karibu zaidi, nao una kichekesho ndani yake. Tarehe 7 Juni 2016, kabla ya saa sita mchana, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata. Mzigo wake ukaziangukia mashini nyingine za kituo, nazo zikajikata kwa kuelemewa. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Mtu aliyeketi Mombasa mbele ya kompyuta iliyozimika angeweza kuifungua na kuichungulia kutwa nzima asimwone tumbili.

Hitilafu za mawasiliano nazo ni vivyo hivyo. Mwezi wa Februari 2012 intaneti ilipungua kasi katika Afrika ya Mashariki. Aliyekuwa akiipigapiga ruta yake alijisumbua bure, kwa sababu meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilikuwa imeshusha nanga juu ya waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari mwaka 2009 kutoka Fujairah, katika Ghuba, hadi Mombasa.

Sasa turudi Murera. Kijana yule alikuwa akikaa nje chini ya mti wakati wenzake wakifundishwa, nami sikutambua kwamba Mama aliendelea kuzimika ilhali mshtakiwa hayupo. Siku ya tisa alinijia akasema, "Mwalimu, kila mpishi anapowasha pampu ya kisima, ndani watu hupiga kelele." Sikumwamini, lakini niliona haya kumkatalia bila kupima. Tukafungua daftari: siku, saa, pampu, Mama, ruta. Mvua zilipokuja matangi yakajaa maji ya paa, pampu ikapumzika, na Mama hakuzimika hata mara moja. Jua lilipowaka, mpishi akaiwasha pampu kwa ishara yetu huku fundi akitazama kipimo: volti zikashuka kutoka 240 hadi chini ya 190 kwa muda usiofika sekunde mbili. Muda huo ulitosha kuwaangusha Mama na ruta pamoja, na ruta ikachukua dakika zake kuutafuta mnara.

Pampu ikapewa waya wake peke yake, na Mama akanunuliwa betri ya akiba. Nilimwomba kijana radhi mbele ya darasa lile lile lililoniona nikimfukuza, nikamkabidhi daftari. Alinipokea kwa adabu, akauliza kama aandike pia zile siku nane za kwanza alizozishika kichwani. Nikamwambia aziandike.