Historia Iliyomo Katika Kiungo cha Trekta

Wahenga walinena: mdharau mwiba mguu huota tende. Neno hili lafaa kukumbukwa na kila mkulima wa Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma, mvua za masika zinapokaribia. Matrekta mengi ya sehemu hizi, tangu Kitale mpaka mpakani mwa Uganda, yamekula chumvi nyingi. Likivunjika kiungo kimoja cha bomba la oili, kiungo kisichozidi kidole gumba, plau haiinuki tena, na shamba zima la mahindi hungoja. Mkulima hufunga safari kwenda dukani, kiungo kibovu kimo mfukoni. Hupewa kingine kifananacho nacho kama pacha, lakini akirudi nyumbani hakikubali kuingia. Kwa nini? Jibu, msomaji, limo katika historia.

Tuanze na nguvu yenyewe. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba maji yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo ule huenea pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo katika mtambo wa kukandamizia. Mkulima aliingojea faida yake kwa muda mrefu, hata akatokea Harry Ferguson, aliyezaliwa Ireland mwaka 1884. Yeye aliishikiza plau kwenye trekta kwa mikono mitatu ya chuma, akaiinua kwa nguvu ya oili. Matrekta ya namna hiyo yalianza kuuzwa mwaka 1936. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford wa Marekani, na mwaka uliofuata trekta lao likatokea. Baada ya vita, tangu 1946, trekta lake dogo la rangi ya kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry, Uingereza. Kufikia 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Basi uvumbuzi ulikuwa mmoja, bali viwanda vilikuwa vya nchi mbili.

Hapo ndipo penye fundo. Kiungo hushika kwa hesi, yaani mifereji iliyochongwa ikizunguka mwili wake. Zamani kila karakana ya Uingereza ilichonga hesi kwa kipimo chake yenyewe. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alitoa shauri la kipimo kimoja, chenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alitoa shauri lingine kwa Wamarekani, pembe ikiwa digrii 60. Nchi za Ulaya bara nazo zilifuata milimita. Vita Kuu ya Pili ilipowakutanisha marafiki, zana za mmoja hazikukubali skrubu za mwenziwe; ndipo mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikapatana juu ya hesi moja ya skrubu. Lakini hesi za mabomba ziliachwa, kila nchi na desturi yake.

Mambo hayo ya mbali yalifikaje Kanduyi? Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na walowezi wa Trans Nzoia wakaagiza mitambo kutoka ng'ambo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaliingia mikononi mwa wananchi. Na mwaka 1975 ikaanzishwa kampuni ya sukari ya Nzoia, miwa ikahitaji matrekta zaidi. Kila trekta lilikuja na hesi za kwao, na kila fundi aliyelitengeneza aliongeza alichokipata.

Tazama sasa mtego ulivyo. Kiungo cha Kiingereza cha robo inchi kina hesi 19 katika kila inchi. Cha Kimarekani kina 18. Lakini vile vya nusu inchi vyote viwili vina 14! Hupokeana mizunguko michache, kisha hukwama au huvuja, kwa kuwa pembe si moja. Tena hata jina hudanganya: kiungo hicho cha robo inchi ukikipima kwa nje utapata kama milimita 13, yaani zaidi ya nusu inchi.

Mwenye haraka hulazimisha kwa spana, au hufunga kiungo cha bomba la maji. Hilo ni jambo la hatari. Mkazo wa oili katika mabomba haya hupita mara 100 ya ule wa hewa. Oili ikitoka kwa tundu dogo huwa kama sindano, yaweza kupenya ngozi na kumpoteza mtu mkono. Nayo plau iliyoinuliwa yaweza kumwangukia. Kwa hiyo shusha plau na uzime injini kwanza, wala usipapase bomba kutafuta panapovuja.

Fundi mwenye busara hukisafisha kiungo cha zamani, hukipima unene, huhesabu hesi zake, kisha huuliza: trekta hili lilitengenezwa wapi, mwaka gani, na nani aliyelishika kabla yangu? Maswali hayo ndiyo ya mwanahistoria. Wako wanafunzi wasemao kwamba historia haijazi ghala. Wewe uliyesoma hadi hapa waweza kuwajibu: mahindi yanayopandwa kwa wakati Kanduyi hutegemea pia mtu ajuaye tofauti ya 55 na 60, na jinsi tofauti hiyo ilivyoanza.